Mama Hataki Nimpeleke Kupiga Kura

Jumatano. Mvua imepiga tangu alfajiri na sasa, Alasiri imeshapita, imebaki kudondoka ukingoni mwa mabati tu. Mtaa wote wa Shika Adabu wanuka udongo na makaa yaliyolowa. Njia ya kwetu imekuwa tope tupu, na nimerudi nyumbani nimebeba viatu mkononi.

Nina wivu. Tangu Jumapili nimelizungukazunguka neno hili, nikajiambia ni uchovu, nikajiambia ni msiba bado mbichi, nikajiambia ni njaa. Wacha niliandike hapa liishe. Nina wivu na Bi Rehema, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye wajukuu, ambaye hajanifanyia lolote ila kunipa bakuli la mbaazi kila Ijumaa.

Jumapili nilikuwa uani naanika nguo. Dirisha la chumba cha Mama linatazama uani, na Bi Rehema alikuwa amekuja kumliwaza. Nikamsikia Mama akisema, "Rehema, hiyo kura ya maamuzi wanayoisema, ikifika eda yangu itakuwa ishakwisha, inshallah. Wewe ndiwe utakayenipeleka."

Bi Rehema akauliza, "Na Mwanaidi je?"

Mwanaidi ndiye mimi. Nilisimama pale na shuka la maji mikononi, linanichuruzikia miguuni, nangoja jibu.

"Mwanaidi mwache."

Basi. Maneno mawili. Nikaingia ndani kwa mlango wa jikoni nikaanza kumenya vitunguu, ili nikiulizwa macho yana nini niwe na la kusema. Halafu nikakumbuka kwamba katika nyumba hii sasa hakuna wa kuyaona macho yangu.

Mama haoni. Macho yalimwondoka taratibu, kwa ugonjwa wa presha ya macho, mimi bado nikivaa sare ya shule ya msingi. Kwanza akaacha kutunga uzi kwenye sindano, kisha akaacha kunitambua nikiwa mlangoni mpaka niseme neno, kisha ikawa giza. Sasa anajua mchana kwa joto la ukuta na usiku kwa adhana. Na kila uchaguzi, kila kura, aliyempeleka ni Baba. Walikuwa wakiamka mapema, Mama akivaa buibui lake jipya kabisa, wakishikana mikono mpaka kituoni. Watu wa mtaani walizoea kuwaona. Mimi nilikuwa nikipiga kura yangu kivyangu na marafiki zangu, sikuwahi hata mara moja kuuliza kule ndani wakifanyaje.

Baba alitutoka kabla ya Ramadhani. Mama yuko eda. Kwa msomaji asiyejua mambo yetu: mke aliyefiwa na mumewe hukaa nyumbani mpaka muda wake uishe, hatoki ila kwa dharura, hatii hina wala manukato, havai cha kujipamba. Mama anakaa chumbani mwake na tasbihi na redio ndogo, na kwa kweli redio ndiyo iliyoleta haya yote. Redio siku hizi haina jingine. Kura ya maamuzi, kura ya maamuzi, iwapo katiba ibadilishwe ili kaunti zipewe sehemu kubwa zaidi ya mapato. Siku yenyewe haijapangwa. Kwanza, wanasema, lazima itungwe sheria ya kusimamia kura hiyo, ili upande utakaoshindwa usije ukasema umeibiwa.

Mnaosoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni mnajua mimi ni wa Ndiyo. Nimeyaandika mno hapa, baadhi yenu mmenitukana kwa adabu na wengine bila adabu. Nina fulana. Nina kikundi cha kina dada tunaopita nyumba kwa nyumba. Na nyumba ya kwanza niliyoipitia, nakiri, ni hii yetu. Nikimpelekea Mama chai, neno moja la Ndiyo. Nikimpaka mafuta miguu, neno jingine. "Mama, lakini wewe uko upande gani?" Yeye hujibu, "Niko upande wa chai." Nami hucheka, na kesho yake nikauliza tena.

Sikuujua upande wake. Sasa ndipo naliona jambo hili lilivyo la ajabu. Nimeishi na mama yangu maisha yangu yote na sijui hata mara moja alimpigia nani.

Wajua ninachokitamani? Natamani aniamini alivyomwamini Baba. Si zaidi ya hapo. Natamani siku hiyo aseme, "Njoo, Mwanaidi, nishike mkono," twende kituoni pale shuleni polepole, watu watupishe njia, na mimi niwe ndiye ninayemwambia hapa pana shimo, hapa pana ngazi. Baba ameacha nafasi tupu kando ya Mama, na mimi nilidhani nafasi hiyo ni yangu kwa kuzaliwa. Kumbe Mama alishampa mtu mwingine mimi nikiwa naanika nguo.

Na ninamkumbuka Baba mwenyewe. Nyumba hii imekuwa kimya mpaka inaniuma masikioni. Baba alikuwa na kikohozi chake cha mlangoni. Wanaume wa huku kwetu hawaingii nyumbani kimyakimya. Hukohoa wakiwa nje, ili kama kuna wanawake wageni wapate kujisitiri. Lakini Baba alikohoa hata akiingia jikoni, hata akitoka msalani, hata tukiwa watatu tu. Nilikuwa nikimtania kwamba atazikwa na kikohozi chake. Sasa kila Magharibi ninajikuta nimeacha nilichokishika, nasikiliza mlangoni.

Niiseme ya leo.

Leo kulikuwa na kikao cha kukusanya maoni kuhusu mswada wa hiyo sheria ya kura, pale ukumbi wa jamii Likoni. Nilikuwa nimejiandaa tangu wiki jana. Nilikuwa na hoja zangu nimezipanga vizuri, na sauti nimeifanyia mazoezi nikioga. Asubuhi nikaingia kwa Mama kumuaga.

"Nenda na neno langu," akaniambia. "Mimi siwezi kutoka, lakini neno halikai eda."

Nikafurahi. Nikadhani atataka yale yanayotakwa na wengi wasioona, karatasi za kura zenye maandishi ya kupapasa, au mashine ya kusema. Nikamwambia nitayasema yote hayo, tayari nimeyaandaa.

"Maandishi ya kupapasa siyajui, nimepofuka mtu mzima. Hayo wataomba wanaoyajua, na wapewe. Langu mimi ni hili. Waambie anayemsaidia kipofu, akishamuonyesha mahali, ageuze uso. Na akishageuka atoe sauti kulekule alikogeukia."

"Atoe sauti ya nini, Mama?"

"Wewe waambie tu."

"Wataniuliza."

"Wakikuuliza waambie mama yangu ndivyo alivyosema. Kwani wao hawana mama?"

Nikatoka. Nakiri njiani nilikuwa nimeudhika kidogo. Nilikuwa na hoja nzito nzito, na huyu ananibebesha hiki.

Ukumbi ulijaa. Kamati ilikaa mbele, mwenyekiti wake mama mmoja wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza puani. Karani alikuwa anaandika. Mvua ilipiga juu ya mabati mpaka msemaji akawa analazimika kungoja ipungue ndipo aendelee. Lakini watu walisema, tena walisema vizuri. Kijana mmoja mwenye kiti cha magurudumu alisema mara ya mwisho kituo chake kilikuwa ghorofani, akabebwa mgongoni na askari, na hakupenda; akataka sheria iseme vituo vyote viwe chini. Mama mmoja muuza samaki akasema swali lenyewe liwe moja, fupi, la Kiswahili cha watu. "Nisome mara moja nijue nikisema ndiyo nimekubali nini. Msiniletee swali la kona kona, mkanifanya nikatae ninachokitaka." Ukumbi ulimpigia makofi. Mwingine akasema pande zote mbili zipewe muda sawa redioni, na magari ya serikali yasionekane kwenye kampeni. Mzee mmoja kutoka Mtongwe akasema hesabu ibandikwe ukutani kituoni kabla masanduku hayajaondoka, kila mtu aione. Nilikuwa naitikia kwa kichwa mpaka shingo ikachoka. Hivi vitu ndivyo ninavyovipenda. Watu wasio na cheo chochote wanakaa na kutunga sheria ya kuwalinda wasiowajua.

Zamu yangu ilipofika nikaanza na hoja zangu, zikaenda vyema. Nikazungumza pia kuhusu wasioona. Nikaeleza sheria ilivyo: kipofu akija na mtu anayemwamini, yule mtu anaapa kwamba atafanya anachoambiwa na hatatoa siri, wanaingia wote. Akija peke yake, msimamizi wa kituo ndiye humsaidia, na mawakala wa pande zote wanasimama pale kushuhudia, na yeye inambidi aseme kwa kinywa chake anachokitaka. Nikasema jambo hilo Mama hulieleza hivi: "Hiyo si kura, hilo ni tangazo." Watu wakacheka, wakaitikia. Nikaomba msaidizi asiwe wakala wa upande wowote. Karani akaandika.

Halafu nikasema la Mama. Nikalisema harakaharaka, nikitazama meza.

Mtu nyuma akauliza, "Atoe sauti gani? Aimbe?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mwenyekiti akajaribu kujizuia, lakini naye miwani ikamteleza. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hebu tufafanulie. Huyu msaidizi amewekwa pale ili aone kwa niaba ya asiyeona. Akigeuka atasaidia nini? Na hiyo sauti ni ya kazi gani?"

Nilisimama pale na hoja zangu zote, sijui neno moja la kumtetea mama yangu. Nikasema, "Mama yangu ndivyo alivyosema," nikakaa. Watu wakacheka tena, bila ubaya, lakini wakacheka.

Ndipo akainuka Mwalimu Saumu.

Mwalimu Saumu alinifundisha hesabu shule ya msingi. Amestaafu sasa. Katika kura zote za zamani alikuwa msimamizi wa kituo chetu, kile cha shuleni, kwa maana walimu ndio waliokuwa wakichukuliwa kazi hiyo. Akajifunga mtandio vizuri, akatoa salamu, kisha akasema:

"Mimi naujua huo uso uliogeuka, na hiyo sauti naijua. Babake huyu mtoto, Mungu amrehemu, alikuwa akija na mkewe kituoni kwangu. Mnajua vibanda vyetu vya kura ni maboksi tu, mtu humuona mgongo. Mara ya kwanza walipokuja, namuona mume amemshika mkewe vidole viwili, kimoja akakiweka juu ya kisanduku cha juu cha karatasi ya kura, cha pili kisanduku cha chini. Akamnong'oneza, akampa kalamu. Kisha yeye akageuka, uso ukutani, kisogo kwa mkewe, akaanza kukohoa. Akakohoa, akakohoa! Nikasema maskini, kifua kimemshika. Wallahi nilimpelekea maji mimi mwenyewe."

Watu wakaanza kucheka.

"Akapokea maji, akanishukuru, akanywa. Kisha akageukia ukuta uleule akaendelea kukohoa. Wakala mmoja akaja kunilalamikia: 'Mwalimu, mbona msaidizi huyu hasaidii? Amekuja kutazama ukuta?' Mimi mwenyewe sikuelewa. Nilielewa mara ya pili walipokuja. Mke hakuandika kitu mpaka asikie kikohozi kimetoka upande wa ukuta. Alikuwa akisikia uso wa mumewe uko wapi."

Hakuna aliyecheka tena. Mvua nayo ilikuwa imepungua, au labda ni mimi niliyeacha kuisikia.

Mwenyekiti akavua miwani akaipangusa. Akamuuliza karani, "Hilo tuliandikeje?" Wakashauriana. Karani akasoma alichoandika: kwamba msaidizi, akishamwonyesha mpiga kura mahali pa kuweka alama, na mpiga kura akitaka kuiweka mwenyewe, ageuke, na amthibitishie kwa sauti kwamba amegeuka. Sijui kama itaingia katika sheria. Maoni mengi huandikwa, na mengi huishia kwenye makabati. Lakini liliandikwa, na jina la Mama likaandikwa kando yake, na mimi nikaomba nilione kwa macho yangu.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Niliacha magari yapite. Sikutaka kuzungumza na mtu.

Nilikuwa nawaza kikohozi. Vikohozi vyote vile vya jikoni, vya barazani, vya mlango wa msala, ambavyo mimi nilivihesabu kuwa adabu za kizamani. Tangu macho ya Mama yaende, Baba alikuwa akimwambia mahali alipo. Mchana kutwa, miaka yote. Na mimi nikiwa katika nyumba hiyohiyo, naona kila kitu, sikujua.

Nililia pale karibu na msikiti, chini ya mwavuli wa mtu niliyekuwa simjui, ambaye kwa ungwana wake alijifanya anatazama mvua.

Mama alikuwa amekaa kitandani na tasbihi. Kabla sijasema neno akauliza, "Wamecheka?"

"Wamecheka kidogo."

"Baba yako naye alicheka siku niliyomwambia." Akatabasamu. Nilikuwa sijamuona akitabasamu hivyo tangu msiba. "Nilimwambia nakuamini, umeapa mbele ya watu, lakini hii yangu nataka iwe yangu. Akasema, sasa utajuaje kama sitazami? Nikamwambia wewe kohoa. Kikohozi chako nakijua hata sokoni."

"Na hakujua ulipiga nini?"

"Hakujua. Yeye alikuwa mtu wa siasa kama wewe, akizungumza toka Ijumaa hadi Ijumaa. Lakini tukitoka pale kituoni, njia nzima, hakuniuliza. Tulizungumza habari ya samaki wa mchana." Akasukuma punje moja ya tasbihi. "Amekufa hajui. Na hilo, Mwanaidi, ndilo ninalomlilia. Nani tena atanijua hivyo na asiniulize?"

Nikakaa sakafuni karibu na miguu yake. Nikamwambia nilisikia alichomwambia Bi Rehema. Sikulipamba. Nilimwambia limeniuma, na kwamba mimi ndiye mwanawe, na kwamba hata kama nina fulana ya Ndiyo nisingeweza kamwe kumdanganya.

"Kunidanganya sikuhofii," akasema. "Mwanangu, wewe hukai kimya. Waniuliza kwenye chai, waniuliza kwenye mafuta ya miguu. Nikienda nawe siku ile, hata ukigeuka, nitakuwa nausikia moyo wako wauliza. Rehema hana habari. Rehema hata redio hasikilizi."

Ni kweli. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Kwa muda sikusema kitu, na nadhani hicho ndicho kitu cha maana nilichofanya leo.

Kisha nikainuka, nikaenda jikoni, nikachukua boksi tupu la majani ya chai. Nikalikata upande mmoja, nikatoboa madirisha mawili madogo, moja juu, jingine chini, nikaweka karatasi nyuma yake. Nikatafuta penseli. Nikarudi kwa Mama, nikamshika vidole viwili kama Mwalimu Saumu alivyoeleza.

"Juu Ndiyo," nikamwambia. "Chini La."

Vidole vyake vikalipapasa boksi, vikapata ukingo, vikatulia. Alielewa bila kuniuliza. "Geuka," akasema.

Nikageuka. Ukutani, kwenye msumari, bado limetundikwa koti la Baba, maana Mama hataki liondolewe. Nikalitazama lile koti. Kifungo cha pili hakipo. Nikasubiri nisikie penseli.

Sikusikia kitu.

Nikangoja. Mbaazi zilikuwa zatokota jikoni, nikazisikia. Bi Rehema upande wa pili alikuwa akimkaripia paka wake. Nikaanza kudhani Mama amebadili nia, kwamba hata kwa karatasi ya mchezo haniamini, na nusura nigeuke kumtazama.

"Sisikii uso wako uko wapi," akasema.

Nilisahau. Jambo moja lenyewe, lililoinua ukumbi mzima leo, nimelisahau.

Nikakohoa.

Kilikuwa kikohozi kibaya, chembamba, cha mtu asiyezoea. Kikagonga ukuta, kikarudi. Nyuma yangu Mama akavuta pumzi ndefu, ikakatika katikati. Nilijua analia. Sikugeuka. Nikakohoa tena, kwa nguvu kidogo, nikilielekea lile koti, na sasa nikaisikia penseli. Mkwaruzo mfupi, na mwingine.

"Nimemaliza."

Alikuwa ameikunja karatasi mara nne. Akaninyooshea. "Itie jikoni, kwenye moto."

Sasa niwaambie ukweli kwa kuwa nimeanza kuusema. Kutoka kitandani kwa Mama hadi kwenye jiko la makaa ni safari ndogo mno, na sijawahi kutembea safari ndefu kama ile. Ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuifunua kwa kidole gumba tu. Mama haoni. Na ninataka kujua. Wallahi hata ninapoandika hapa nataka kujua. Nataka kujua kwa sababu ni mama yangu, na kwa sababu mtu mmoja aliyekuwa na haki ya kumjua kuliko wote ameondoka bila kujua, na mimi ninaogopa kwamba naye ataondoka hivyo, amefunga, nibaki na boksi la chai.

Nikaitia kwenye moto. Ikashika upesi.

Nikarudi. Mama alikuwa amelipakata lile boksi mapajani, analipapasa madirisha yake kwa kidole.

"Umetazama?"

"Sikutazama."

"Najua," akasema. "Umekohoa njia nzima."

Sikuwa nimejisikia. Wallahi sikujua kama nilikuwa nikikohoa.

Mama akanyoosha mkono, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, mara mbili, kama wanavyoitana yeye na jirani yake. Bi Rehema akaitika kutoka upande wa pili, "Abee!"

"Rehema, siku ile nenda kivyako. Mimi nina mtu."

Bi Rehema akasema jambo ambalo sikulisikia vizuri, Mama akacheka. Mimi nikaenda kuzigeuza mbaazi kabla hazijaungua. Fulana yangu ya Ndiyo ilikuwa imeanikwa jikoni kwa sababu ya mvua, nikaisogeza ili nipate nafasi ya kusimama.

Adhana ya Magharibi imelia nikiwa katikati ya sentensi hii. Safari hii sikusikiliza mlangoni. Nimeinuka kumpelekea Mama maji ya kutawadhia, na nilipokaribia chumba chake, nimesimama nje ya pazia, nikakohoa.

"Ingia, mwanangu," akasema.